Zip yenye kila kitu si hisani

Hapa Dodoma, vijana kadhaa wanaoandika programu huria wameniambia kwamba maktaba nzuri ya programu, yaani msimbo ulio tayari ambao wengine huutumia ndani ya programu zao, ni zip moja yenye kila kitu: msimbo wao pamoja na maktaba zote za wengine wanazozitegemea. "Bando ghali, mtu apakue mara moja amalize." Nia njema, ila ni mzigo.

Ukimeza maktaba ya mwenzio, dosari zake zinakuwa zako, tena zimejificha. Desemba 2021, dosari ya usalama ya Log4j, maktaba ya lugha ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ilipotangazwa, toleo lililorekebishwa lilitoka haraka. Jasho lilikuwa kuisaka ndani ya vifurushi vya watu wengine, JAR (zip za Java) ndani ya JAR, kama zabibu iliyooza chini kabisa ya kreti.

Weka msimbo wako tu. Unazozitegemea zitaje kwa jina na toleo. Zana ya kupakua maktaba, kama pip ya Python au npm ya JavaScript, itazileta, na aliyekwisha kuzipakua kwa kawaida hatumii bando tena, maana nakala hubaki kwenye kompyuta yake. Leseni usiiache: hata ile ya MIT ya programu huria, fupi vile, inataka tangazo la hakimiliki lisafiri na kila nakala.

Asiye na intaneti kabisa? Mwandalie kifurushi cha pili, kamili, kando.