Antivirusi mbili si ulinzi maradufu

Kompyuta ya steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, hupokea flashi za wateja kutwa nzima, ndiyo maana wengi huamini kuwa antivirusi mbili hulinda mara mbili. Sivyo. Flashi ikichomekwa, zote mbili huweza kukimbilia faili lilelile, zikasubiriana, na mashine ikaganda.

Ukiwa nazo zote mbili, zifanye zitambuane ili zisikaguane. Kwa Defender (antivirusi inayokuja na Windows) na Malwarebytes (antivirusi ya kusakinisha), fungua Windows Security, ingia mipangilio ya ulinzi wa virusi, shuka hadi Exclusions (orodha ya visivyokaguliwa), ongeza folda C:\Program Files\Malwarebytes. Kisha (hapa wengi huishia njiani) geukia upande wa pili: kwenye Allow List (orodha kama hiyo) ya Malwarebytes weka C:\Program Files\Windows Defender. Ila flashi na folda ya Downloads usiziweke kamwe kwenye orodha hizo, hata mashine iwe nzito vipi. Virusi hupitia humo.