Umekatiwa mkataba na serikali ya Marekani: unashtaki wapi, na unadai nini?

Juzi nilikuwa msibani, nimekaa zangu kwenye turubai nasubiri chai, jamaa tuliyewahi kufanya naye kazi mradi mmoja akanivuta pembeni akaniuliza, kaka wewe si mtu wa mikataba, hivi wale Wamarekani si walishindwa kesi hadi Mahakama ya Juu, sasa mbona sisi hatujalipwa? Nikamjibu kifupi maana pale hapakuwa mahali pake, ila swali lake nimeulizwa na watu wengi mno tangu ile Februari 2025 serikali ya Marekani ilipokata miradi yetu, wengine DM, wengine kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliokuwa miradi ya USAID, lile shirika la misaada la Marekani, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu, andaa kahawa.

Mimi kazi yangu miaka yote ni mikataba na ruzuku, kusoma vile vifungu ambavyo wengine wanavirukaga wanakimbilia kwenye bajeti. Na mwenyewe nilikuwemo. Shirika letu lilikuwa sabu wa sabu, yaani kuna mkandarasi mkuu kule Marekani ambaye wote tunamwita praimu, chini yake kuna shirika kubwa hapa Dar, chini yake sisi. Barua ya kusitisha mradi haikuja hata kwetu moja kwa moja, tuliiona imefowadiwa mara tatu.

Tukumbushane mtiririko. Januari 20, 2025 Rais Trump anasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe tathmini, siku nne baadaye Wizara ya Mambo ya Nje inatoa maelekezo na amri za kusimamisha kazi zinaanza kumiminika, kilichokuwa kinaendelea kikasimama na hata invoisi za kazi iliyokwisha fanyika Novemba na Desemba zikakwama. Hapo ndipo kesi mbili zikafunguliwa Washington, moja ya shirika la AVAC la kutetea kinga ya UKIMWI na wenzake, nyingine ya Global Health Council wakiwa na wakandarasi wakubwa kama Chemonics na DAI. Zote zikaangukia kwa Jaji Amir Ali. Februari 13 akatoa zuio la muda. Serikali ikawa inasuasua kulipa, Februari 25 jaji akasema lipeni hadi usiku wa kesho yake, serikali ikakimbilia Mahakama ya Juu, na siku ileile ya mwisho, Februari 26, wakaiambia mahakama tathmini imekwisha, mikataba na ruzuku za USAID karibu 5,800 imekatwa, na ruzuku 4,100 hivi za Wizara ya Mambo ya Nje nazo chali. Zile siku 90 hazikufika hata 40.

Machi 5 Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 4 ikakataa kumzuia Jaji Ali, na hela iliyokuwa inazungumziwa ni karibu dola bilioni 2. Hiyo ndiyo ile "walishindwa" ambayo jamaa yangu anaikumbuka. Magrupu yalilipuka siku ile, watu wanatumiana emoji za kucheza, kuna mmoja aliandika "tunarudi kazini Jumatatu". Mimi nikanyamaza maana nilikuwa nimeisoma ile amri na kwenye amri hakuna mahali paliposema mtu arudi kazini. Ilikuwa inahusu kazi iliyofanyika KABLA ya Februari 13 tu. Na Machi 10 Jaji Ali mwenyewe alipotoa zuio kubwa zaidi akaliweka wazi: ya zamani lipeni, ila kuhusu ile mikataba iliyokatwa sitaifufua mmoja mmoja. Yaani jaji yuleyule ambaye watu walikuwa wanamuona mkombozi.

Kwanini? Hapa sasa ndiyo penye nyama.

Chukulia umempa fundi seremala oda ya kitanda, kafika nusu, unamwambia basi nimeghairi. Kwa mkataba wa kawaida fundi anaweza kukudai na faida yote ambayo angeipata angemaliza. Mikataba ya serikali ya Marekani haiko hivyo. Kuna kifungu kinawekwa tangu siku ya kwanza kwamba serikali inaweza kusitisha kwa manufaa yake, wala haihitaji kusema fundi kakosea. Ni kitu cha zamani, mwaka 1876 Mahakama yao ya Juu ilishakubali kwamba Jeshi la Majini linaweza kusimamisha kazi ya injini za mvuke katikati na kumalizana na mtengenezaji. Ukikatwa kwa kifungu hicho unalipwa mbao ulizonunua, siku ulizofanya kazi, faida ya kawaida kwa hicho kipande ulichomaliza, na gharama za kufunga duka. Faida ya kitanda ambacho hukukitengeneza, sahau. Na ukitaka kusema walikukata kwa hila, mzigo wa kuthibitisha ni mzito hasa, maana mahakama zao zinaanza kwa kuamini kwamba ofisa wa serikali ametenda kwa nia njema, we ndo ulete ushahidi wa kuivunja hiyo imani. Nimewahi kuona watu wana ushahidi wa chuki ya wazi kwa macho ya kawaida na bado wakili anawaambia hautoshi.

Kwa hiyo mawakili wa wale wakandarasi wakubwa hawakuwa wajinga, hawakwenda kwa jaji kusema "mkataba wangu umevunjwa". Walikuja na hoja ya katiba: Kongresi, yaani bunge lao, imeshapitisha hizi fedha kwa sheria, Rais hana mamlaka ya kuzikalia, kuna sheria ya mwaka 1974 iliyotungwa baada ya Rais Nixon kufanya mchezo huohuo. Na hoja ya pili, uamuzi wa kusimamisha kila kitu kwa mkupuo bila kufikiria ni uamuzi wa kiholela na sheria ya taratibu za utawala ya 1946 inakataza. Hoja nzuri kabisa, na Jaji Ali alizikubali kwa sehemu kubwa.

Serikali ikajibu na kitu ambacho wakili yeyote wa Bongo angekitambua usingizini: pingamizi la awali. Mheshimiwa, mahakama hii haina mamlaka. Kuna sheria ya 1887, wanaiita Tucker Act, inasema anayeidai serikali ya Marekani hela ya mkataba inayozidi dola 10,000 aende mahakama maalumu ya madai iliyoko palepale Washington. Sasa sikiliza utamu wa huu mtego. Mahakama ya wilaya, kwao ndiyo ile ya akina Jaji Ali, ina uwezo wa kumwambia waziri acha, rudisha. Mahakama ya madai yenyewe kazi yake kubwa ni kukupa hela, kurudisha mkataba uliokatwa si kazi yake. Kwa hiyo serikali ikifanikiwa tu kukuhamisha kutoka mlango huu kwenda ule, imeshashinda kitu ulichokuwa unakitaka zaidi, hata kabla mtu hajauliza kama walikuwa sahihi kukukata.

Na namna ya kuamua uko mlango gani ina kipimo chake tangu kesi moja ya rufaa ya 1982, maswali mawili tu: haki unayodai inatoka wapi, kwenye sheria au kwenye mkataba? Na unachoomba ni nini hasa, hela au kitu kingine? Yanaonekana mepesi, lakini mwaka 2025 majaji waliyajibu kila mtu kivyake. Maaskofu wa Kikatoliki wa Marekani walishtaki kuhusu fedha za wakimbizi, jaji wao akasema hii ni kesi ya mkataba nendeni kule. Wale wafanyakazi wa mikataba binafsi wa USAID, ambao wengi wenu mlifanya nao kazi mkidhani ni waajiriwa kumbe kisheria ni wakandarasi mmoja mmoja, nao waliambulia patupu kwa Jaji Nichols Machi 6, aliwaambia mgogoro wenu una utaratibu wake wa migogoro ya mikataba, anzeni huko. Wote wamekatwa na panga moja, wiki zilezile, jiji lilelile, majibu tofauti na ya Jaji Ali.

Halafu Mahakama ya Juu nayo ikageuka. Mwezi mmoja tu baada ya ile 5 kwa 4 iliyotufurahisha, Aprili 4, kwenye kesi ya ruzuku za mafunzo ya walimu, ikasema kwa 5 kwa 4 hiyohiyo ila upande wa pili kwamba amri ya kulipa hela za ruzuku inaelekea ni mambo ya mahakama ya madai. Agosti 21 ikarudia kwenye ruzuku za utafiti wa afya, na pale Jaji Barrett akapasua kesi kama nazi: kama unapinga mwongozo wa jumla uliosababisha ruzuku kufutwa, baki mahakama ya wilaya, kama unataka ile hela ya ruzuku yako iliyofutwa, vuka barabara. Yaani mtu mmoja, tatizo moja, kesi mbili. Mimi binafsi naona ni kumchosha mdai tu, maana gharama ya wakili mmoja Washington tayari ni maumivu, sembuse mahakama mbili. Ila ndiyo sheria yao ilivyokaa sasa.

Na ile hoja kubwa ya katiba? Agosti 13 mahakama ya rufaa kwa 2 kwa 1 ikasema nyie wakandarasi si wenye haki ya kuisimamia hiyo sheria ya 1974, mwenye uwezo wa kushtaki ni yule mkaguzi mkuu wa Kongresi. Jaji Ali akajaribu njia nyingine mwanzoni mwa Septemba, lakini Septemba 26, siku nne kabla mwaka wao wa fedha haujaisha, Mahakama ya Juu ikamzuia na dola bilioni 4 zikabaki bila kutumika. Sehemu ya kulipwa kazi iliyokwisha fanyika, hiyo rufaa haikuigusa. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa mikataba kesi iliishaje nakwambia hivi: waliosaga unga walilipwa unga waliosaga, kinu hakijarudi. Na USAID yenyewe ilishafungwa Julai 1, kilichobaki kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje.

Sasa turudi kwa jamaa wa msibani, mbona SISI hatujalipwa.

Kwa sababu Marekani haikujui ndugu yangu. Mkataba wako ni wewe na praimu, au wewe na shirika lililo juu yako. Sabu hana mlango wake kwa serikali ya Marekani, madai yako yanapanda ngazi. Unampelekea praimu, praimu anayajumuisha kwenye madai yake ya kumalizana, ambayo kwa mikataba ya manunuzi ana mwaka mmoja tangu kusitishwa kuyawasilisha. Kwa ruzuku muda ni mfupi zaidi, kanuni za jumla zinampa mpokeaji mkuu siku 120 kufunga hesabu na wewe uliye chini siku 90. Watu wengi hizo siku 90 ziliisha wakiwa bado wanasubiri "maelekezo", wengine laptopu zilishachukuliwa na mhasibu kashaondoka kwenda kulima nyanya Kilolo. Halafu ofisa wa kule anayetakiwa kupitia hayo madai na yeye alikuwa kapunguzwa kazi, kwa hiyo hata praimu mwaminifu anapeleka faili kwenye ofisi isiyo na mtu.

Wachache mnaodai moja kwa moja, yaani shirika la hapa lililosaini na USAID lenyewe, kuna kitu kidogo wengi hawakijui. Sheria yao inaruhusu raia wa nje kwenda ile mahakama ya madai kama nchi yake nayo inamruhusu Mmarekani kuishtaki serikali yake. Kwetu inaruhusiwa, notisi ya siku 90 kwa serikali halafu Mahakama Kuu, kwa hiyo wakili wako asiogope swali hilo, aambatanishe tu sheria.

Na tafadhali tusichanganye, deni la wafanyakazi wako halimsubiri Mmarekani. Ulimwajiri wewe Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inakuhusu wewe, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, mfanyakazi ana siku 30 za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, kulalamikia kuachishwa, na pale CMA ukisema "mfadhili katuangusha" mwamuzi anakuangalia tu. Habari njema ni kwamba malipo hayo yakiwa yanatakiwa na sheria na kiwango chake ni cha kawaida unaweza kuyaingiza kwenye madai ya kusitishwa, sawa na kodi ya ofisi ambayo pango lake halivunjiki kirahisi. Ila ulete mkataba wa pango, ulete na barua ya kumuomba mwenye nyumba mvunje mapema, maana watakuuliza ulifanya nini kupunguza hasara.

Sisi tulipeleka madai yetu siku ya 71, kurasa mia mbili na ushee, hadi risiti za mafuta ya pikipiki za wahudumu wa jamii. Ya kazi ya kabla ya Februari 13 tulilipwa, kwa mafungu mawili. Ya kufunga ofisi, ile jenereta ya kukodi na notisi za watu 14, kila nikiandika imeli najibiwa na mtu mpya anayejitambulisha upya na kuniomba nimtumie faili lote kuanzia mwanzo, na mimi namtumia.