Utafiti wa baada ya uzamivu: andiko la katiba linaloanzia Dodoma

Kila inapokaribia Septemba, wahadhiri vijana wa sheria na wa sayansi ya siasa hapa Dodoma huniletea maandiko yao niyasome kabla hawajayatuma kuomba ufadhili wa utafiti wa baada ya uzamivu. Usomi wanao, tena wa kutosha. Maandiko mengi hukwama mahali pamoja, na ni ukurasa wa kwanza. Mwombaji anaanza kwa kulalamika kwamba Tanzania haijaandikwa vya kutosha, kisha anaahidi kuiandika yeye. Jopo lenye mamia ya maombi mezani halitoi fedha kwa sababu nchi fulani imesahaulika. Linataka swali ambalo msomi wa katiba wa Chile au wa India naye atatamani kujua jibu lake.

Maswali ya namna hiyo tunayo hapahapa mjini, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwanza tuelewane kuhusu ufadhili wenyewe. Huendi kuchukua shahada nyingine. Unapewa mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu, ufanye utafiti na kuchapisha, ukiwa na mwenyeji mzoefu (profesa wa chuo kinachokupokea) na maktaba iliyoshiba. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani hicho ni kipindi cha kungojea ajira ya kudumu. Kwetu hali ni nyingine: wengi wanaofuzu uzamivu walikuwa wameajiriwa tangu wakiwa wahadhiri wasaidizi, na siku wanayorudi na shahada wanakabidhiwa madarasa ya mamia ya wanafunzi, rundo la mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wa uzamili wa kuwasimamia na kamati mbili tatu. Tasnifu iliyokula miaka minne au mitano haipati hata mwezi mmoja wa kugeuzwa kitabu. Kwa hiyo mhadhiri wa Dodoma anapoomba ufadhili huu anaomba muda kuliko kitu kingine chochote, na andiko lake lionyeshe muda huo utazaa nini: makala ngapi, sura zipi za kitabu, katika miezi ipi.

Sasa swali. Chukua shauri la Mchungaji Christopher Mtikila. Alilifungua mwaka 1993 katika Mahakama Kuu hapahapa Dodoma, akidai, pamoja na mambo mengine, kwamba raia asiye na chama ana haki ya kugombea uongozi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akakubaliana naye. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba na kuufunga mlango ambao mahakama ilikuwa imeufungua. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena haki. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na Bunge ndilo la kulitatua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika.

Wanafunzi wetu wanalijua shauri hili kama somo la mgombea binafsi. Mimi naliona kubwa kuliko hapo. Linauliza mahakama ina nguvu gani pale Bunge linapoibadili Katiba yenyewe ili kuukwepa uamuzi wa jaji. India ilijibu mwaka 1973 katika shauri la Kesavananda Bharati: upo muundo wa msingi wa katiba ambao Bunge haliwezi kuubomoa hata likitimiza taratibu zote. Kenya ilivutana juu ya hoja hiyohiyo katika mashauri ya BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kuibadili katiba ya huko. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani za huko ziliikubali mwaka 2021, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema fundisho hilo halitumiki kwao. Mahakama yetu ya Rufani ilikuwa imeshalikataa mwaka 2010. Mtafiti akiziweka nchi hizi tatu pamoja na kuuliza kwa nini majaji waliosoma vitabu vilevile vya sheria ya Uingereza walifika mahali tofauti, ana andiko ambalo jopo lolote la sheria ya katiba litalisoma hadi mwisho. Hukumu za Tanzania zinapatikana bila malipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za nchi yetu.

Kwa watu wa sayansi ya siasa, hazina iko kwenye Bunge Maalum la Katiba lililokaa hapa mwaka 2014. Tume ya Jaji Warioba, iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya, ilikuwa imependekeza Muungano wa serikali tatu. Sheria ilitaka kila ibara ipate theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Kabla hata hawajagusa rasimu, wajumbe walibishana kwa muda mrefu kuhusu kanuni, hasa kama kura iwe ya siri au ya wazi. Aprili wajumbe wa UKAWA (Umoja wa Katiba ya Wananchi, kambi ya vyama vya upinzani) wakatoka nje. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwanzoni mwa Oktoba, ikiwa na serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika.

Habari hii husimuliwa kama ugomvi wa vyama, na ugomvi ulikuwepo. Lakini uliza kanuni zilifanya kazi gani. Je, sharti la theluthi mbili lilizilazimisha pande kuelewana, au liliupa kila upande nguvu ya kumsubiri mwenzake achoke? Chile nayo iliweka theluthi mbili kwa baraza lake la katiba, na rasimu yake ikakataliwa na wananchi Septemba 2022. Kenya ilipitia rasimu zilizoanguka hadi ikapata katiba Agosti 2010. Dodoma ina nafasi ya haki katika mlinganisho huo, na kumbukumbu zake za majadiliano ziko kwa Kiswahili.

Hapo ndipo namkazia sana mwombaji wa hapa. Hansadi zetu, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, zimejaa methali, mafumbo, vijembe na vicheko vilivyoandikwa kwenye mabano. Mjumbe anayesema “mwenye macho haambiwi tazama” anaweza kuwa anatishia, anaonya au anaaga. Anayesoma muhtasari kwa lugha nyingine hataona kitu. Ukiieleza mbinu yako ya kusoma majadiliano hayo kwa uangalifu, namna utakavyochagua vikao, utakavyozipanga hoja kwa aina zake na kuzilinganisha na kura zilizopigwa, unaonyesha ujuzi ambao jopo haliwezi kuupata kwa mwombaji mwingine. Kuandika tu “ninajua Kiswahili” hakutoshi. Swali dogo kidogo, lakini zuri, ni lile la miswada inayoletwa kwa hati ya dharura, kama ile ya rasilimali na maliasili ya mwaka 2017: kamati za Bunge hufanya nini zinapopewa siku chache tu?

Kuhusu mahali pa kuomba nitataja pachache. Programu ya Max Weber katika Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya, Florence, inachukua watu wa sheria, siasa, historia na uchumi wa uraia wowote waliopata uzamivu ndani ya miaka 5, na maombi yake huwa Oktoba. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie unakutaka uandike andiko pamoja na chuo mwenyeji, kurasa 10 kwa sehemu ya msingi, na una sharti linalowaangusha wengi: usiwe umeishi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Aliyetoka tu kusoma Ujerumani aelekeze macho Ubelgiji au Italia. Mfuko wa Humboldt kwa muda mrefu umekuwa ukipokea maombi mwaka mzima, mradi uwe na mwenyeji Ujerumani.

Lakini watu wetu wanaisahau Afrika Kusini, na naona ni hasara. Taasisi ya Dullah Omar katika Chuo Kikuu cha Western Cape imejijenga katika ugatuzi na serikali za mitaa, jambo linalotuhusu moja kwa moja. Taasisi ya STIAS, Stellenbosch, ilianzisha mpango wa Iso Lomso kwa watafiti vijana walioajiriwa katika vyuo vya Afrika: unabaki na kazi yako, unakwenda kwa vipindi ndani ya miaka 3, na chuo chako kinasaidiwa gharama ya mtu wa kushika vipindi vyako. Kwa mama mwenye watoto wadogo hapa Makulu, mpango wa namna hiyo una maana kuliko miaka miwili mfululizo Ulaya.

Angalia pia tarehe iliyo kwenye cheti chako. Karibu kila mfuko unahesabu miaka tangu uzamivu, na hesabu inaendelea wakati wewe unaratibu mitihani. Likizo ya uzazi na malezi kwa kawaida hupunguzwa kwenye hesabu, ila lazima uidai na kuambatisha ushahidi.

Barua kwa mwenyeji iwe fupi. Aya ya kwanza swali lako, ya pili kwa nini kazi yake inakuhusu (taja hoja yake moja unayokubaliana nayo au unayoipinga), ya tatu tarehe za dirisha. Mwandikie miezi minne kabla, maana profesa anayependa swali lako atataka kulibadilisha, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoliimarisha andiko.

Jambo la mwisho ni ruhusa ya mwajiri. Mtumishi wa umma haondoki kwa barua ya ufadhili peke yake. Mwambie mkuu wa idara siku unayoanza kuandika, usingoje siku ya majibu, na mpelekee jina la atakayeshika kozi zako. Idara ikishajua nani atafundisha Sheria ya Katiba muhula wa kwanza, barua yako hupita kwa urahisi zaidi.