Pesa za Inua Jamii kwa Mtoto Mwenye Ulemavu: Nani Hupata, na Asiyepata Aende Wapi

Wazazi wengi nchini Kenya humwendea ofisa wa maendeleo ya jamii na swali moja: "Mtoto wangu ana ulemavu, mbona hapati pesa za serikali?" Jibu hutegemea ukubwa wa ulemavu, na wengi wakiambiwa "hapana" mara ya kwanza hawarudi tena.

Pesa za watu wenye ulemavu mkubwa zilianza kutolewa mwaka 2011, na leo ziko chini ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Ni Sh2,000 kwa mwezi. Hulenga familia maskini yenye mtu asiyeweza kula, kuoga wala kwenda msalani bila kusaidiwa, anayehitaji mlezi usiku na mchana. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza hata kuketi anaingia hapo. Mtoto kiziwi anayejivalia na kwenda shule kwa miguu yake haingii, hata kama kwao hakupikwi. Kwa kawaida, nyumba inayopokea tayari pesa nyingine za Inua Jamii pia huachwa. Kwangu mimi sharti hilo linamwonea nyanya anayelea mjukuu asiyejiweza: posho ya uzeeni si ya kununulia nepi na dawa za kifafa.

Lakini yule mtoto kiziwi naye ana haki yake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina hazina inayosaidia karo na vifaa: vya kusikia, viti vya magurudumu, magongo. Huko hutakiwi kuthibitisha kwamba mtoto hajiwezi kabisa. Unatakiwa awe amesajiliwa.

Usajili huanza na cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyefichwa ndani miaka yote kwa sababu ya aibu mara nyingi hana cheti, na bila hicho kila kitu kinakwama. Ukishakipata, mpeleke mtoto hospitali ya serikali iliyoidhinishwa akafanyiwe tathmini, kisha umsajili katika Baraza. Baraza halitozi ada ya usajili. Anayekudai "kitu kidogo" ili aliingize jina la mtoto anakuibia.

Kusajiliwa hakumaanishi pesa zitaingia mwezi ujao. Majina mapya ya Inua Jamii huchukuliwa serikali inapotenga bajeti, kwa hiyo chifu na ofisa wa maendeleo ya jamii wawe wanamjua mtoto wako kabla ya uandikishaji kutangazwa.

Sh2,000 hazitoshi, na wazazi wana haki ya kulisema hilo waziwazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea.

Mlezi hupokea pesa hizo kwa niaba ya mtoto. Akifariki au akihama, arifu ofisi mapema mlezi mwingine awekwe. Mtoto akitimiza miaka 18 haondolewi kwa sababu ya umri, maana mpango huu ni wa watoto na watu wazima, mchukulie kitambulisho.