Kipandikizi cha koklea ni nini, na je, mtoto kiziwi awekewe?

Kipandikizi cha koklea ni kifaa cha umeme kinachowekwa kwa upasuaji ndani ya sikio la mtu ambaye shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa sikioni, halimfai. Watu wengi huvichanganya vifaa hivi viwili, hata kwenye taarifa za habari, ambako vyote huitwa tu "vifaa vya usikivu". Shimesikio hupaza sauti na kuisukuma kwenye sikio lilelile, kwa hiyo lazima sikio liwe na uwezo kiasi wa kuipokea. Kipandikizi hakipazi chochote. Kinairuka sehemu iliyokufa na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia.

Koklea yenyewe ni kifereji kilichojikunja kama gamba la konokono, ukubwa wake ni kama wa punje ya njegere. Ndani yake mna maelfu ya seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Kuna mtoto anayezaliwa na kasoro ya kurithi. Kuna ambaye mama yake aliugua rubela akiwa mjamzito. Kuna aliyepata manjano makali siku za mwanzo, au homa ya uti wa mgongo, au aliyechomwa sindano nyingi za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Seli hizo zikifa hazioti tena. Ndiyo maana daktari hutoboa njia kwenye mfupa nyuma ya sikio na kupenyeza ndani ya koklea uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, kuanzia 12 hadi 22 kutegemea aina ya kifaa. Chini ya ngozi hubaki kipokezi chenye sumaku. Nje kuna mashine ndogo inayokaa juu ya sikio, waya mfupi, na kisahani cha duara kinachonasa kichwani kwa nguvu ya ile sumaku.

Hesabu hiyo itazame vizuri: maelfu ya seli upande mmoja, vituo 22 upande mwingine. Watu waliopoteza usikivu ukubwani husema sauti za siku za mwanzo ni kama milio ya ndege au roboti. Mtoto ambaye hajawahi kusikia hana hata cha kulinganisha. Siku mashine inapowashwa, wiki chache baada ya operesheni, wengi hushtuka na kulia. Wanahisi kitu kichwani na hawajui kwamba kinaitwa sauti. Kazi ya kuufundisha ubongo ndiyo kwanza inaanza: kurudi hospitali mara kwa mara ili mashine irekebishwe, na mazoezi ya kusikiliza na kutamka kwa miaka.

Kwa nini basi jambo hili lizue ubishi? Marekani iliruhusu rasmi vipandikizi kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka 1990. Mwaka uliofuata chama cha kitaifa cha viziwi cha huko kilitoa tamko la kupinga vikali. Wanaosikia walishangaa, lakini viziwi walikuwa na kumbukumbu ndefu. Mwaka 1880, mkutano wa walimu uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na si kwa lugha ya alama, ile ya mikono. Kwa vizazi kadhaa watoto walikatazwa kutumia mikono yao darasani, na wengi wakahitimu bila lugha yoyote waliyoimudu. Kwa watu waliopita hapo, kifaa kinachokuja na ahadi ya "kumponya" mtoto kilisikika kama amri ileile imerudi. Walisema kiziwi si mgonjwa; ana lugha, ana jamii, ana watu wake. Mwaka 2000 chama hicho kilirekebisha msimamo wake, kikakubali kwamba kipandikizi ni chombo kimojawapo na wazazi wana haki ya kukichagua, ila waelezwe ukweli wote.

Nami nasimama hapo, na naomba tusipoteze nguvu kwenye swali la ndiyo au hapana. Swali zito zaidi ni hili: miaka mitatu ya kwanza, wakati ubongo una njaa ya lugha, mtoto huyu anapewa lugha gani? Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Picha yake ipo kwenye nyumba nyingi: familia imezunguka sinia, mazungumzo yanaruka huku na huku, watu wanacheka, mtoto anavuta kanga ya mama ajue wanacheka nini. Anaashiriwa "kula". Akifika miaka sita hivyo, hata kipandikizi bora kitamkuta amechelewa, maana kadiri mtoto anavyowekewa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri.

Kwa hiyo, mwenye uwezo wa kumwekea mtoto mapema na kufuatilia, amwekee. Aliyeugua uti wa mgongo awahishwe zaidi, kwa sababu koklea yake inaweza kujaa mfupa na njia ikaziba. Ila nyumba nzima ijifunze alama tangu leo. Wapo wataalamu wanaowaambia wazazi waache alama ili mtoto asizembee kusema. Sikubaliani nao. Marekani walichunguzwa watoto wachache waliowekewa vipandikizi huku wazazi wao viziwi wakizungumza nao kwa alama tangu kuzaliwa, na Kiingereza chao kilikuwa sawa na cha wenzao wanaosikia waliokulia pia kwenye alama. Halafu kuna maisha ya kila siku. Mtoto anapooga, kisahani kinavuliwa. Anapolala, kinavuliwa. Betri ikiisha safarini, au akichoka na kelele akakibandua mwenyewe, yeye ni kiziwi saa ileile. Ukitaka kumwambia neno hapo, una mikono tu.

Kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa nje ya nchi. Gharama bado ni mamilioni ya shilingi, na bei ya operesheni siyo bei yote. Mashine ya nje huchakaa na kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, waya hukatika, betri hununuliwa, na nauli ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam hurudiwa tena na tena. Kabla ya kusaini fomu, mzazi aulize: nani atairekebisha mashine mwaka ujao, na kwa fedha ya nani? Waya ukikatika, mwingine unapatikana wapi? Mtoto amepata chanjo zote za kumkinga na uti wa mgongo? Na aulize pia kwa CHAVITA, chama cha viziwi, ni wapi jirani wanafundisha Lugha ya Alama ya Tanzania. Kwa Kenya lugha yao ya ishara imetajwa ndani ya Katiba ya 2010 na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mafunzo ya alama hayahitaji foleni ya upasuaji.