Presha Iko Sawa, Mgonjwa Hayuko Sawa

Dhana: Presha ikisoma vizuri, mgonjwa anaweza kusubiri.

Kati ya dhana potofu za wodini kuhusu nani yuko hatarini, hii naiogopa kuliko zote. Mtu anayevuja damu mwili wake haukai kimya: mishipa ya ngozi na utumbo hujibana, moyo huongeza kasi, na damu iliyobaki hupelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo wenyewe. Mtu mzima aliyekuwa na afya njema anaweza kubaki na namba ya juu ya presha ikiwa ya kawaida mpaka apoteze karibu asilimia 30 ya damu yake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama lita moja na nusu. Presha inaposhuka, mwili umeshaishiwa mbinu.

Kabla ya hapo dalili huwa zipo, ila haziko kwenye mashine ya presha. Mshike mikono: ni ya baridi? Bonyeza kucha uachie: rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Mkojo umepungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa? Tazama pia namba ya chini inavyopanda kuikaribia ya juu. Presha ya 112/90 kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji isikufurahishe.

Wazee nao wana mtego wao. Anayetumia atenololi au propranololi, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, anaweza kuvuja damu huku mapigo yakibaki 80. Na ambaye namba yake ya juu ya presha siku zote husoma 170, leo akisoma 115, huyo ameshuka, hata kama chati inasema ni kawaida.

Dhana: Kuhesabu pumzi ni kujaza chati tu.

Fungua chati za wodi yenye kazi nyingi: 18, 20, 18, 18. Wodi nzima inapumua kwa mpigo mmoja! Tunajua zinavyoandikwa. Lakini pumzi ni miongoni mwa vipimo vinavyobadilika mapema zaidi hali inapoanza kuharibika. Katika NEWS2, mfumo wa alama za hatari ya mgonjwa uliotolewa Uingereza na Royal College of Physicians mwaka 2017, pumzi 25 au zaidi kwa dakika hupewa alama 3, sawasawa na namba ya juu ya presha iliyofika 90 au chini yake.

Hesabu dakika nzima, ukiwa umeshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo. Mgonjwa akijua pumzi zake zinahesabiwa, hubadilisha anavyopumua. Muulize swali kisha usikilize: anamaliza sentensi, au anakatisha kila baada ya maneno mawili?

Dhana: Oksimita ikisoma 97, kifua hakina shida.

Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, haikuambii mgonjwa anahangaika kiasi gani kuipata hiyo 97, wala kama anatoa kabonidayoksaidi ipasavyo. Aliyevuta moshi kwenye chumba kilichofungwa anaweza kusoma vizuri kabisa, kwa sababu kifaa hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza pia kusoma juu kuliko hali halisi. Na 97 ya aliye kwenye oksijeni si sawa na 97 ya anayepumua hewa ya kawaida.

Dhana: Anayelia sana ndiye wa kwanza.

Anayepiga kelele kwa sababu ya mkono uliovunjika anahitaji dawa ya maumivu, tena haraka, lakini kelele yenyewe inakuonyesha kwamba njia ya hewa iko wazi. Mwendee kwanza mgonjwa wa pumu ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi na sasa kimenyamaza huku amechoka. Hewa haipiti tena.

Utaratibu haubadiliki: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mfunue umkague mwili mzima. Ukikuta tatizo, lishughulikie hapohapo kabla ya kusonga mbele. Kwenye fahamu, usisahau kupima sukari.

Dhana: Kuchanganyikiwa ni uzee, na bila homa hakuna maambukizi makali.

Waulize ndugu jana alikuwaje. Kuchanganyikiwa kulikoanza leo ni alama 3 kwenye NEWS2. Kuhusu homa, wazee na watoto wachanga wanaweza kuwa na sepsisi, yaani maambukizi makali yanayovuruga mwili mzima, wakiwa na joto la kawaida, au hata chini ya nyuzi 36.

Dhana: Usimpigie daktari mpaka uwe na uhakika.

Uhakika si kazi ya simu hiyo. Ila "Daktari, huyu mama simwelewi" haimtoi mtu kitandani. Sema hivi: "Kitanda cha 6, mama aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo asubuhi. Ndani ya saa 2 pumzi zimetoka 16 hadi 26, mapigo 118, presha 112/90, mkojo mililita 20 saa iliyopita. Nahofia anavuja damu ndani. Naomba uje sasa." Asipokuja, mpigie aliye juu yake, na uendelee kupima huku ukisubiri.