PCOS na kutafuta mtoto: dawa mbili zinashinda moja?

Karibu kila kliniki wanawake wenye PCOS (homoni zimevurugika, mayai hayapevuki vizuri) wananiuliza hivi: dokta, kama letrozoli, ile dawa ya kupevusha mayai, inasaidia na metformini nayo inasaidia, si unichanganyie tu nimeze zote? Naelewa kabisa, mtu akishasubiri mimba muda mrefu hataki tena mambo ya hatua kwa hatua, ila inategemea unachanganya nini na nini.

Metformini kwa maoni yangu inasifiwa kuliko kazi yake. Inashusha insulini, na insulini ikiwa juu ovari zinazidisha homoni za kiume, mayai yanakwama hayapevuki, kwa hiyo kinadharia iko sawa. Sasa angalia utafiti wa Marekani wa 2007, wanawake 626: kwa metformini peke yake waliojifungua ni asilimia 7.2, klomifeni (dawa nyingine ya kupevusha mayai) peke yake 22.5, zote mbili 26.8. Hiyo 26.8 inavutia jamani, lakini kitakwimu tofauti yake na 22.5 haikutosha kusema mchanganyiko umeshinda. Mayai yalipevuka zaidi, sawa, ila yai kupevuka bado sio mtoto. Naiongeza kwa mwenye uzito mkubwa au ambaye klomifeni imegoma, na namwambia mapema kwamba tumbo litamsumbua, kuharisha na kichefuchefu, ndo maana tunapandisha dozi polepole.

Siku hizi naanza na letrozoli peke yake, siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa 2014 wa wanawake 750 ulionyesha waliojifungua ni asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni, na mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaiweka mbele.

Mchanganyiko unaonivutia mimi ni letrozoli na klomifeni pamoja, maana moja inapunguza estrojeni yenyewe na nyingine inaziba ubongo usiione, basi ubongo unasukuma homoni ya kukuza mayai. 2019 ulitoka utafiti, mayai yalipevuka kwa asilimia 77 dhidi ya 43 kwa letrozoli pekee, lakini walikuwa wanawake 70 tu na mzunguko mmoja, kwa hiyo siutumii kwa kila mtu, na ultrasaundi lazima maana mayai yakikomaa mengi unaweza kubeba mapacha au zaidi.

Na kabla hujadai dawa ya pili, mbegu za mume zimepimwa? Mirija iko wazi? Kama hapana, tuanzie hapo.